Kikanyagio cha Kushoto

Makambako,
Jumamosi, saa tisa alasiri.

Festo mwanangu,

Barua hii nimeianza mara mbili na mara zote mbili nimeichana, kwa sababu ilianza na "natumaini hujambo". Hujambo, najua. Nimekuona sasa hivi dirishani ukipita na pikipiki yako kwa mara ya nne, gunia limefungwa mahali pa siti, ukiwazungushia wenzako wa kijiweni, taa zinawakawaka mchana kweupe. Mtu mwenye taa za rangi saba saa tisa alasiri hawezi kuwa mgonjwa.

Asiye mzima ni mimi. Nina hasira, Festo, na nataka ulijue hilo mapema, usije ukafika ukurasa wa pili ukidhani mama analia kwa sababu mtoto anaondoka. Silii. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na tisa akiondoka nyumbani, nyumba inapata nafasi ya kuweka magunia.

Naandika kwa sababu kusema kumenishinda. Mimi nikikasirika sauti hutetemeka, watu wanadhani nataka kulia, wananibembeleza, na hasira inaishia hewani kabla haijamfikia mwenyewe. Karatasi haitetemeki. Nimechukua hizi za kukatia patani, kwa hiyo usishangae ukikuta kwa nyuma michoro ya siti za pikipiki za watu.

Yale mambo anayoambiwa mtoto anayesafiri nayaruka yote. Baridi ya Njombe unaijua, na ukiidharau itakufundisha yenyewe. Kufua unajua. Njombe si ng'ambo, ni mwendo wa saa moja, na ukikosa chumvi nitasikia. Nataka kukuambia habari ya kipande cha chuma.

Jumanne uliazima grenda ya fundi Shabani, ukailaza pikipiki pale mbele ya mlango wangu. Nilikuwa kwenye cherehani. Ukaniita. "Mama, njoo uone. Vikanyagio vya abiria haviko sawa. Cha kulia kiko chini, cha kushoto kimepandishwa juu kama kibao cha kukalia kuku. Nani alifanya uhuni huu?" Hukusubiri jibu. Cheche ziliruka hadi kwenye leza yangu ya kuvika siti, na dakika tatu baadaye kile cha kushoto kilikuwa chini. Ukakitupia kwenye boksi langu la vipande, ukafunga pea mpya inayong'aa, iliyo sawa pande zote.

Nani alifanya uhuni huu. Nilishindwa kujibu siku ile, nakujibu leo. Ni baba yako.

Pikipiki ile ni ya baba yako, Festo. Haifanani na ya baba yako. Ni yenyewe. Soma tena sentensi hiyo kama unataka, mimi nitakusubiri.

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa vidole vinne, hilo huhitaji kuambiwa, umeutazama maisha yako yote. Usilojua ni mambo ya mwaka ule tuliponunua pikipiki. Tulikuwa bado Mdandu, tunalima viazi, na wewe ulikuwa hujaanza hata darasa la kwanza. Wiki ya kwanza tu baba yako alinipakia kwenda Ilembula kumwona bibi yako. Barabara ilikuwa makorongo. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri, wa kushoto haukufika popote, ukawa unaning'inia na kupigwapigwa. Karibu na kufika, kiatu kikaingia kwenye spoki. Lile kovu la kifundoni uliloambiwa ni la jembe, si la jembe. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu kusema nilianguka kwa kukosa pa kuweka mguu.

Baba yako hakusema neno siku mbili. Unamkumbuka alivyokuwa akinyamaza, ungedhani ameudhiwa na ng'ombe. Siku ya tatu alirudi na pikipiki imechomelewa kile kidude. Alichukua kipande cha nondo, akakipandisha vidole vinne juu ya mahali pake, na juu ya nondo akabandika bati nene alilokata kwenye jembe bovu, ili kiatu kisiteleze. Alipima kwa macho. Hakuniambia hata nikae ajaribu. Nilipopanda, mguu ulishuka, ukakuta pa kukaa, ukatulia.

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia ameniaibisha. Ndiyo. Nilisimama uani nikamwambia, "Sasa kila mtu akiiona pikipiki hii hata nisipokuwepo, atajua mwenye nayo ana mke kiwete." Kilikuwa kibaya kweli kile chuma, kimejaa makovu ya kuchomelea, na pikipiki nzima ilionekana imepinda. Ilipokuja harusi ya binamu yangu pale parokiani nilimwomba akitoe, angalau kwa siku moja tu, avifunge vya dukani. Nilikuwa nimeshona gauni. Nilitaka kufika nikiwa sawasawa kama wanawake wengine.

Akaniambia, "Pikipiki hii ni ya kukubeba wewe. Wanaotaka kutazama watazame harusi."

Nilinuna njia nzima. Nilikaa nyuma yake nimenuna, mguu wangu umetulia juu ya jembe lake, na wewe katikati yetu umebanwa kama karanga, ukiimba. Kwa hiyo nikikukasirikia kwa kupenda vitu vinavyong'aa vikawa sawa pande zote, ujue najua ulikokutoa. Umekutoa kwangu.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la tano. Msiba unaukumbuka, sitaurudia. Ila kile kikao cha ukoo cha kumaliza matanga hukuwemo, mlipelekwa watoto kwa jirani. Baba yako mdogo Lusiano alisimama, suti yake ya kijivu, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, kwetu sisi mjane hapandi chombo cha marehemu. Kinaleta mikosi kwa watoto. Tutakiuza mbali, Makete huko, usikione tena, na kitakachopatikana kitamsomesha kijana."

Kwetu sisi. Mila gani ya pikipiki, Festo, kwa watu ambao babu zao walitembea kwa miguu mpaka wakaingia kaburini? Niliwatazama wazee, nao wakatazama vikombe vyao vya ulanzi. Hakuna aliyewahi kuisikia mila hiyo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi pia sikufungua. Niliogopa kuambiwa mume amekufa jana na mjane leo anagombania mali. Niliogopa neno mikosi, kwa sababu nilikuwa nimebaki na wewe tu. Nikaingia ndani, nikatoa kadi ya pikipiki kutoka kwenye Biblia, nikaweka sahihi walipoonyesha kwa kidole.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni baya zaidi, nalo nimelibeba bila kukuambia.

Tulihamia Makambako, nikapata ile fremu ya duka ninayoshonea siti. Jirani yangu akawa fundi Shabani, ndiyo kwanza amefika kutoka Tanga, hajui mtu hapa. Yeye anapuliza rangi, mimi nashona siti, kazi zikawa zinapita mlango kwa mlango. Siku moja akaniletea siti moja iko uchi, sponji na bati lake tu, kava la zamani limeshatolewa. "Dada, nishonee nyeusi, uzi mweupe. Wenyewe wanataka ikirudi mtu asiijue." Nikacheka. Nikaishona vizuri kuliko kazi zote nilizokuwa nimefanya, mshono wa mara mbili pembeni, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilitaka sifa. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Ilikuwa siti ya mume wangu. Niliyoikalia miaka mitano. Niliivika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, ili nisiijue.

Mwaka uliofuata, masika, nilitoka stendi na robota la leza, mvua inaanza. Nikasimamisha bodaboda. Pikipiki nyeusi ya kung'aa, ndimi za moto za njano zimechorwa kwenye tanki, vioo vidogo vya pembetatu, shada la nyuzi linaning'inia kila upande wa usukani. Kijana akafuta siti kwa mkono, nikapanda. Nikainua mguu wa kushoto kama ninavyofanya siku zote, niuache uning'inie, maana nilishazoea tena. Haukuning'inia.

Sikutazama chini hata mara moja. Sikuhitaji. Mguu ulikuwa umekaa mahali pake na kisigino kilikuwa kinagusa ile kona ya jembe iliyoliwa.

"Mwanangu," nikamwuliza yule kijana, "pikipiki hii ni yako?"

"Hapana, mama. Ni ya bosi, yuko Njombe, ana uwanja wa mbao. Mimi deiwaka tu, wa kutwa."

"Bosi anaitwa nani?"

"Baba Lusiano. Unamfahamu?"

Nikamwambia anishushe pale relini. "Mama, bado hatujafika, na mvua hii." Nikamwambia nishushe. Nikambandika nauli mkononi, nikaweka robota kichwani, nikatembea nyumbani nikichechemea kwenye matope, na watu waliniangalia wakadhani nina haraka ya kufika.

Nilipitia kwa Shabani kabla ya kuingia kwangu. Ndimi zile za moto zilikuwa za mkono wake, Makambako nzima inajua, mikia yake inapinda kushoto kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Nikamwambia pikipiki gani, nikamwambia ya nani. Alikaa chini kwenye debe la rangi. "Wallahi, dada, sikujua. Niliambiwa mwenyewe amefariki na nduguze inawauma kuiona, niibadilishe sura yote." Nikamwuliza mbona kikanyagio hukukibadilisha. Akafikiri. "Nilikishika kukikata," akasema, "nikaona kimepimwa. Aliyekichomelea alikuwa na sababu yake. Nikakiacha."

Mtu wa Tanga, asiyemjua baba yako, asiyenijua mimi, alitazama kile chuma akaona kuna mtu. Wewe ulitazama ukaona uhuni. Ndiyo hasira yangu kwako, nimeiandika, sasa iko hapo kwenye karatasi na haihitaji kurudiwa.

Kubwa zaidi ni ile niliyo nayo juu yangu, na kosa la tatu ndilo refu. Nilinyamaza. Baba yako mdogo alikuwa amesema atakulipia bweni, na alilipa. Kila Januari alilipa. Na kila Januari mimi nilipanda basi hadi Njombe na kuku wa kienyeji kwenye kikapu, nikapiga magoti sebuleni kwake, mbele ya mkewe na watoto wake, nikamshukuru. Mguu wangu haupendi kupiga magoti, unaujua. Miaka sita nilimshukuru mtu kwa kunipa kidogo cha kitu changu. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini mimi nilikuwa punda wa namna nyingine, nilipigwa mateke na nikashukuru mwenyewe.

Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako. Nikisema, bweni litakatika. Labda lingekatika kweli. Lakini nataka nikuambie kitu ambacho nimekiona tu wiki hii, nilipokuwa nimekaa na kile chuma mapajani. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa ajili yako. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimezoea. Watu walinisifu. "Mjane yule mtulivu, hana maneno na ukoo." Nilizipenda sifa hizo. Nilizivaa. Na wewe ukakua ukijua kwamba una baba mdogo mkarimu na baba mzazi wa kimya aliyekufa bila kuacha kitu.

Aliacha kitu. Ulikuwa unasomeshwa nacho.

Sasa tufike wiki iliyopita. Nilipoona Lusiano anaingia uani na ile pikipiki juu ya kigari cha kirikuu, nyeusi imebabuka, siti niliyoishona imechanika, nilijua kabla haijashushwa. Alinisalimia vizuri, kama kawaida yake.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene."

"Kijana amemaliza shule, hawezi kukaa anazunguka na upepo. Nimemletea chombo. Aje Njombe, atabeba oda pale uwanjani, atajifunza mbao. Ni ya zamani kidogo, lakini ina roho."

Nilitazama kikanyagio cha kushoto. Yeye akanitazama ninavyokitazama. Kisha akatazama kuku. Anajua, Festo. Nadhani amejua miaka yote kwamba ipo siku nitaiona, na ameileta ikiwa imekwisha nyama, imebaki mifupa, ili siku nikisema aseme si nimeirudisha. Na mimi nikafungua mdomo, baada ya miaka yote ile, na kilichotoka ni, "Ahsante, shemeji." Kilitoka chenyewe, kama mtu anayesema samahani baada ya kukanyagwa.

Ukaruka juu, ukamkumbatia. Ukaanza kazi siku ileile. Na kazi yako ni nzuri, sitakunyima hilo, una mkono. Umepanga rangi kama fundi mkubwa, bluu ile ya kumeremeta inayogeuka ukiisogelea, rimu nyeupe, vioo vipya. Shabani mwenyewe alikuja kuchungulia. Lakini kuna saa moja siku ya Jumatatu sitaisahau. Ulikuwa unapiga msasa tanki. Nyeusi ikatoka, na chini yake ikatokea nyekundu. Ukainua kichwa, vumbi jekundu puani, ukasema, "Mama, hii zamani ilikuwa nyekundu, kama ile ya baba."

Kama ile ya baba. Ulisema kwa mdomo wako. Nilisimama nikaja hadi mlangoni, nikasema, "Festo, kuhusu hiyo pikipiki." Ukaniambia, "Mama, usianze. Niache nifurahi kidogo." Ukaendelea na msasa mpaka nyekundu yote ikaisha, bati likabaki jeupe. Nilisimama pale nikiangalia baba yako akifutwa mara ya pili, na safari hii aliyeshika msasa ni mwanawe.

Usijipige kifua kwa hilo. Ulikuwa hujui. Nakasirika hata hivyo. Hasira haina mahakama, haiulizi nani alijua na nani hakujua.

Halafu Alhamisi ukaandika kwenye digadi la nyuma, juu ya tairi, kwa njano, herufi kubwa: ASANTE BAMDOGO. Ukaniita nije nisome. Nikasoma. Ukaniomba nikutarizie maneno hayohayo nyuma ya siti, nikakuambia uzi wa njano umekwisha. Nilidanganya. Uzi wa njano upo wa kushona mapazia ya kanisa zima.

Sikuandikii ili usiende. Nenda. Kazi ya mbao ni kazi, na Njombe ina watu wazuri wengi kuliko ukoo wetu. Sikuandikii pia ili ukagombane na baba yako mdogo. Msalimie kila asubuhi, kula chakula chake, mpe mkewe heshima, yule mama hana kosa. Wala usidhani ni mtu mbaya kuanzia unyayo hadi utosi. Siku baba yako alipozidiwa, gari halikuweza kufika nyumbani kwa utelezi, na Lusiano ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kitandani hadi barabarani, kwenye tope la magotini, akilia. Hilo nalo ni kweli. Linanikera kuliko yote, kwa sababu kama asingembeba, hasira yangu ingekuwa kazi nyepesi.

Ugomvi wa pikipiki ni wangu, wewe usiuguse. Kadi ingali kwa jina la Lusiano. Jumatatu nitapanda basi, nitakwenda Njombe, na safari hii sibebi kuku na sipigi magoti. Nitakaa kwenye kiti. Nitamwambia mbele ya mkewe niliyoyaona kwa mguu wangu, na nitaomba kadi iandikwe jina la mtoto wa mwenye mali. Akikataa, atakuwa amekataa kwa sauti, na mimi nitakuwa nimeomba kwa sauti. Imechukua miaka minane. Ninatetemeka nikiandika hivi, lakini kama nilivyosema, karatasi haitetemeki.

Nawe utakapokuwa huko utakutana na vitu vibovu vingi vya kurekebisha. Mlango uliopinda, benchi lenye mguu mmoja uliofungwa kamba, mzee anayeshika kikombe kwa namna isiyoeleweka. Mikono yako itawasha kunyoosha. Mimi sina la kukufundisha hapo, maana nilipewa kitu kilichopimwa kwa mwili wangu na nikaomba kiondolewe kwa ajili ya harusi. Nakuambia tu ilivyonitokea.

Na kuhusu yale maneno ya njano, digadi ni lako. Sitakuambia ufute. Asante ni neno zuri, nilikufundisha mwenyewe kabla hujajua kutembea. Nimekuambia tu ni nani hukumwandika.

Siti yako iko juu ya cherehani, imekwisha. Nimeishona nyekundu. Najua uliomba bluu iendane na tanki. Leza ya bluu ipo, na ya nyekundu ipo, nikachagua. Ukiiona mbaya, mafundi wa siti Njombe wapo.

Ndani ya siti, chini ya kava, nimefunga kwa kitambaa kile kipande cha nondo na jembe lake. Nimekipiga brashi, kutu imetoka. Makovu ya kuchomelea sikuyagusa. Kesho ni Jumapili, lakini Shabani si mtu wa Jumapili, anafungua saa moja, na nimemwuliza, kuchomelea kitu kama hicho ni kazi ya dakika kumi. Kitaharibu rangi yako kidogo pale pembeni. Pikipiki itaonekana imepinda, na wenzako wa kijiweni watauliza.

Tulikubaliana utanibeba hadi njia panda, kisha wewe ushike barabara ya Njombe na mimi nirudi. Nitakuwa tayari saa mbili, baada ya misa ya kwanza. Sitakuuliza kama umesoma barua, na wewe usinieleze. Nitapanda nyuma yako, nitainua mguu wangu wa kushoto, nitaushusha, na huo utaniambia.

Mama yako.